Ndege na Maua kwa Wawili: Mjini Dodoma, Hombolo, Singida au Ruaha?

Majira ya kuchipua ya Ulaya huanza Machi. Kwetu Kanda ya Kati hesabu ni nyingine. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, kisha unafuata ukame wa miezi mingi. Maua nayo hayaji kwa mkupuo mmoja. Mengine huitangulia mvua, mengine huchomoza siku chache baada ya ardhi kulowa, na mengine hungoja mashamba yakomae. Kwa hiyo wanandoa au wachumba wanaotaka kutoka na kamera wana muda mrefu wa kupanga, Oktoba hadi mwanzoni mwa Mei. Ugumu wao ni kujua waende wapi.

Hapa nalinganisha sehemu nne ambazo mtu anayeanzia Dodoma mjini anaweza kuzifikia bila kupanda ndege: bustani na mitaa yenye miti ya jiji lenyewe, Bwawa la Hombolo, maziwa ya Singida, na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kupitia Bwawa la Mtera. Anayetoka Dar es Salaam naye yumo, kwa kuwa tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wikiendi ya huku imekuwa jambo la kawaida.

Ninalotaka kulisisitiza ni hili: msichague mahali kwa umaarufu wake, chagueni kwa saa. Mpenda ndege anahitaji asubuhi na mapema, ukimya na kusubiri. Mpenda maua anahitaji kuinama, kuzunguka mmea na kungoja upepo utulie. Mahali panapowafaa nyote wawili ni pale ambapo saa ile ile moja ina kazi kwa kila mmoja. Matembezi mengi ya wawili huharibika kwa sababu mmoja amekaa garini anachezea simu huku mwenzake akimvizia ndege, na hilo huwakuta watu hata katika hifadhi nzuri kuliko zote.

Mambo ya kupima

Kwanza ndege, na hapa urefu wa orodha ya aina zake usiwadanganye. Ulizeni kama ndege hao wanafikika kwa vifaa mlivyo navyo, maana mwenye simu na mwenye lenzi ya milimita 400 hawatarudi na picha zinazofanana kutoka mahali pamoja. Pili maua: yapo lini, na mnaruhusiwa kuyasogelea? Tatu mwanga na upepo. Nne njia na fedha. Tano ni hilo la wawili kuwa pamoja kweli, na mimi ndilo ninalolipa uzito kuliko yote.

Ndege

Mjini Dodoma ndege wamezoea watu, na huo ni utajiri ambao wengi wanaupita bila kuutazama. Kwenye bogenvilia za bustani, ndege mdogo aitwaye chozi huja kufyonza utamu wa maua hatua chache kutoka ulipokaa. Kwenye nyasi za Nyerere Square utakuta kwenzi wanaong'aa buluu, njiwa na shorewanda. Chinangali Park nako kuna nafasi ya kutosha ya kukaa bila kumsumbua mtu. Mkisogea kwenye mitaa yenye mibuyu ya zamani, inueni macho mtafute kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi, mdomo mwekundu na ukosi wa manjano. Ndege hawa asili yao ni Tanzania, hukaa kwenye matundu ya miti, na mbuyu wenye mashimo kwao ni nyumba. Watu wa nchi nyingine wanawajua kwenye vizimba. Huku wanapita juu ya paa za nyumba kwa makundi wakipiga kelele, na hilo peke yake linatosha kumtoa mtu kitandani.

Hombolo, kama kilomita 40 kaskazini mashariki mwa jiji, ni kwa ajili ya ndege wa majini. Bwawa hili la miaka ya 1950 lina kingo za matope na majani ambapo yangeyange husimama, mnandi hukausha mabawa na bata huelea kwa makundi. Mdiria mweusi na mweupe ndiye wa kumngoja. Husimama hewani akipiga mabawa pale pale juu ya maji, kisha hujitupa kama jiwe, na kwa sababu husimama hivyo kwa muda, hata anayejifunza anaweza kumpata. Mvua ikishanyesha, mashamba na majani marefu ya pembeni hujaa kweche dume waliovaa nyekundu na nyeusi yao ya msimu wa kuzaliana. Miezi ya kiangazi ndege huyo huyo ana rangi ya kahawia tu na humtambui. Kwera nao hufuma viota wakati huo. Dume hufuma, jike huja kukagua, asiporidhika huondoka, na dume huanza kingine. Ukiwa na subira ya nusu saa mbele ya mti wa kwera, utaondoka na kisa kizima.

Singida ina heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya safari. Mji umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Chumvi hiyo ndiyo inayolisha viumbe vidogo vya majini ambavyo heroe huvichuja kwa mdomo. Mvua zikiwa nyingi sana maji huongezeka, chumvi hupungua, na heroe huweza kuhamia ziwa jingine. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, ulizeni mtu aliyepo Singida wiki hiyo kama ndege wapo. Wakiwepo, mara nyingi wako mbali, na ukingo ni tope. Simu itakupa mstari wa waridi majini, picha nzuri ya mandhari lakini si ya ndege. Mwenye darubini ajaribu kuiweka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini. Ni kazi ya mikono miwili iliyotulia, na hutoa picha nzuri kuliko wengi wanavyodhani.

Ruaha ipo katika daraja lake. Zaidi ya aina 570 za ndege zimeandikwa ndani ya hifadhi hii, kwa sababu pale misitu ya miombo inayotoka kusini inakutana na nyika ya migunga na mibuyu inayotoka kaskazini, na kila upande umekuja na ndege wake. Yupo hondohondo mwenye mdomo mwekundu anayeitwa kwa jina la Ruaha lenyewe. Wapo kwenzi wa kijivu wenye mkia mrefu wasiopatikana nje ya Tanzania, pamoja na wale kasuku wa ukosi wa manjano, tai, tumbusi, kanga na keremkerem kwenye kingo za mto. Njiani kuna Mtera, karibu kilomita 130 kutoka Dodoma. Furukombe mwenye kichwa cheupe hukaa juu ya miti mikavu iliyosimama majini, na mnandi hupanga safu chini yake. Mtera peke yake inatosha safari ya siku moja, ila msikaribie ukingo ovyo, kwa kuwa kuna mamba na viboko.

Jambo moja linahusu sehemu zote nne. Kuanzia Novemba, ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya huwa wako kwetu: korongo weupe kwenye mashamba, chole wa buluu kwenye nyaya za umeme, makundi ya mbayuwayu. Ulaya inapoanza kuchanua, wao hufunga safari ya kurudi. Anayewataka atoke kabla ya Aprili.

Maua

Nianze na mbuyu, kwa sababu watu wengi wa Dodoma wameishi chini yake maisha yote bila kuliona ua lake likifunguka. Mbuyu hutoa maua Oktoba hadi Desemba, meupe, makubwa kama kiganja, yakining'inia kichwa chini kwenye kikonyo kirefu. Hufunguka jua linapozama, hunukia usiku, popo wanaokula matunda huja kuyachavusha, na siku inayofuata huwa yamenyauka na kuanguka. Kwa hiyo picha yake ina nyakati mbili tu: magharibi linapofunguka, na alfajiri kabla halijabadilika rangi kuwa kahawia. Tafuteni mbuyu wenye matawi ya chini. Mmoja amulike kwa tochi kutoka pembeni, mwenzake apige. Mtu mmoja peke yake hawezi kuifanya picha hii vizuri.

Hapo mjini ndipo mahali rahisi kuliko pote kuipata, kwa kuwa mibuyu iko mitaani na hamhitaji kibali cha kukaa nje magharibi. Oktoba na Novemba mikrismasi nayo huwaka nyekundu pembezoni mwa barabara, na bogenvilia hazina msimu. Kwenye bustani za kuuza miche kuna waridi la jangwa lenye shina lililovimba na maua ya waridi iliyokolea. Mwombeni mwenye bustani, mnunue mche mmoja, na atawaacha mpige picha mpaka mchoke. Lakini mtu anayetaka maua ya porini, yaliyoota yenyewe, mjini hatatosheka.

Hombolo ina maua madogo. Mvua za kwanza zikinyesha, pembezoni mwa mashamba huchomoza maua ya zambarau na manjano yanayotambaa juu ya ardhi nyekundu, na kwenye vichaka chini ya miti kuna lile ua jekundu la duara, limejaa nyuzi laini, linalotoka ardhini kabla ya majani yake. Ni maua ya kutafutwa kwa miguu, jicho likiwa chini, na anayependa picha za karibu atafurahi kuliko mahali pengine pote katika orodha hii. Mizabibu ya huko ina ua dogo la kijani lisilovutia kamera. Subirini matunda yaive, Februari na Machi au tena Agosti na Septemba, ndipo vichala vyake vina picha.

Singida ni alizeti. Mashamba yaliyopandwa mvua zilipoanza huchanua kati ya Februari na Aprili, na barabara kuu yenyewe hupita katikati ya manjano hiyo. Alizeti changa hufuata jua, lakini ikishakomaa hutazama mashariki tu na kubaki hivyo. Kwa maana hiyo ukifika shambani jioni jua litaangaza migongo ya maua, na ukifika asubuhi ukasimama upande wa mashariki, yote yanakutazama usoni yakiwa na mwanga. Shamba ni la mtu. Tafuteni mwenyewe, mwamkieni, ombeni, na mpite kwenye mapengo bila kukanyaga mistari. Wakulima wengi hukubali kwa moyo wakiombwa, na hukasirika kwa haki kabisa wakimkuta mtu amelala kwenye zao lao kwa ajili ya picha.

Ruaha ina maua mengi ya porini Januari hadi Aprili, nyika ikiwa kijani na mito imejaa. Tatizo ni kwamba mko ndani ya gari. Sheria ya hifadhi hairuhusu kushuka popote mnapotaka isipokuwa kwenye vituo vilivyotengwa au mkiwa na askari wa hifadhi kwenye matembezi ya miguu, na ua la sentimita tano lililoota kando ya njia litaonekana kwa juu tu, kutoka dirishani. Mpenda maua asiyejulishwa hili mapema hurudi amenuna. Akijulishwa, huenda akachagua picha za aina nyingine: mbuyu mzima uliochanua, nyika yote ya kijani, miti ya mtoni. Na akiweka nafasi ya matembezi ya miguu na askari, anapata anachokitaka kwa asubuhi moja.

Mwanga na upepo

Dodoma ina upepo, kila aliyewahi kuanika nguo hapa anajua. Kwa ndege upepo si adui mkubwa, kwa ua ni kila kitu. Upepo huwa mdogo alfajiri na huongezeka kadiri jua linavyopanda, hivyo saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi ndiyo hazina ya wote wawili. Kuanzia saa nne mwanga unakuwa mkali, vivuli vyeusi, na ndege wengi wameingia vichakani. Kaeni mle, mlale, mrudi saa kumi jioni.

Kuna njia ya kurefusha saa za mpenda maua. Kanga ikishikwa ncha zake na mwenzako huzuia upepo na pia hulainisha jua juu ya ua, na picha ya saa tatu na nusu inakuwa kama ya saa moja. Siku ya mawingu nayo ni siku ya maua, rangi hutoka bila kuungua. Ndege wa kuruka anahitaji mwanga mwingi: kasi ya kamera isipungue 1/1000 ya sekunde, na jua liwe mgongoni kwako.

Tukizilinganisha sehemu zetu kwa kigezo hiki, mjini mna uhuru wa saa zote, kwa sababu mnalala karibu na mnaweza kurudi kesho yake hali ikiwa mbaya. Hombolo inawataka muondoke giza halijaisha. Singida ina mgongano mmoja unaotatulika: heroe na alizeti vyote vinataka asubuhi, lakini viko sehemu tofauti, kwa hiyo jioni ya siku ya kwanza iwe ya ziwa, jua likizama nyuma ya mawe makubwa ya mji ule, na asubuhi ya pili iwe ya shamba. Ruaha mkilala ndani ya hifadhi mnapata alfajiri yote. Mkilala nje, dakika bora huishia getini.

Njia na mfuko

Mjini gharama ni bajaji na vinywaji. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba Dodoma ni makao makuu ya serikali. Lenzi ndefu isielekezwe kwenye majengo ya serikali wala kwa walinzi, na droni isirushwe bila kibali.

Hombolo mnaweza kwenda kwa daladala na kurudi siku hiyo hiyo, ila daladala haitawafikisha saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Mkishirikiana gari na wawili wengine inakuwa nafuu. Baada ya mvua kubwa, njia za vumbi kuelekea ukingoni hugeuka utelezi, na gari dogo linaweza kukwama. Acheni gari kwenye ardhi ngumu, mtembee. Msiingie majini, kwa sababu maji yaliyotulia yenye konokono ndiyo makazi ya kichocho. Mkikutana na wazee na wavuvi, mbukwenyi moja, salamu ya Kigogo, hufungua mlango kuliko maelezo marefu ya kamera, na wavuvi ndio wanaojua ndege wamelala upande gani. Perege wao watamu mtakula mkiwa mnarudi.

Singida ni kama kilomita 240 za lami kutoka Dodoma, mabasi ni mengi, na usiku mmoja wa gesti unatosha. Ndani ya mji bajaji huwafikisha ziwani. Hii ndiyo safari ya kati: inagharimu kuliko Hombolo, inagharimu kidogo sana ukilinganisha na Ruaha, na mtakula kuku wa kienyeji wa Singida ambaye sifa yake ni ya kweli.

Ruaha ndiyo inayohitaji akiba. Dodoma hadi Iringa ni takriban kilomita 260 za lami, kisha kama 130 nyingine kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi. Kiingilio cha raia si tatizo, hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo ya anacholipa mgeni wa nje ya Afrika Mashariki. Kinachokula fedha ni gari. Wakati wa mvua, ambao ndio wakati wa maua na ndege, mnahitaji gari la juu lenye nguvu magurudumu yote manne, na dereva anayejua mahali pa kuvuka na mahali pa kugeuza. Kulala kunaweza kuwa nafuu kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana mabanda na hosteli Msembe, tofauti na kambi za kifahari. Chini ya usiku mbili sioni faida ya kwenda. Mkifika mmechoka na kuondoka kesho yake, mtakuwa mmelipia barabara. Vaeni rangi ya khaki au kijani kilichofifia, nguo nyeusi na buluu huwaita mbung'o.

Kwa picha za kutoka dirishani, jazeni mchele au maharage kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, uwekeni kwenye ukingo wa dirisha na kamera juu yake. Stendi ya kamera haina kazi ndani ya gari.

Nyinyi wawili

Mjini kuna utulivu wa aina yake: mnaweza kukaa benchi moja, mmoja akitazama juu na mwenzake chini, mkaonyeshana picha na kucheka. Kasoro ni watu. Jumamosi na Jumapili jioni bustani hujaa familia na watoto, na ndege huhamia kwingine. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi kama mnaweza.

Hombolo ndiko ninakoona saa ile ile moja inawatumikia wote wawili kwa usawa zaidi, kwa sababu mpenda ndege anakaa ukingoni na mpenda maua anazunguka hatua hamsini nyuma yake, kila mmoja anamwona mwenzake. Lakini hakuna kivuli kingi, hakuna vyoo vya karibu, na hakuna mhudumu wa kuwaletea soda. Asiyependa jua na jasho asilazimishwe.

Singida inafaa wanaopenda kugawana siku: jioni yangu, asubuhi yako. Ni haki inayoonekana waziwazi, na kwa wachumba ambao bado wanajuana ina faida, kwa kuwa kila mmoja anapata kumsindikiza mwenzake kwenye anachokipenda.

Ruaha inawaweka ndani ya gari moja kwa saa nyingi pamoja na dereva. Kuna wanaoona huo ndio ukaribu wenyewe, tembo akipita mbele ya gari na wote mmenyamaza. Kuna wanaochoka kufikia saa tano. Zungumzeni kabla ya kulipa.

Popote mtakapokwenda, msiwape watoto pesa ili warushe mawe heroe waruke, msipige sauti za ndege kwenye simu karibu na kiota, na msing'oe ua kwa ajili ya kulisogeza kwenye mwanga mzuri. Ndege aliyefukuzwa kwenye mayai yake kwa ajili ya picha amelipa bei ambayo nyinyi hamtaiona.

Nani aende wapi

Mkiwa na simu tu, na nusu siku, bakini mjini. Oktoba hadi Desemba panga magharibi chini ya mbuyu, kesho yake asubuhi bustanini kwa chozi. Hili linawafaa pia wenye mtoto mchanga, mjamzito, na aliyefika na treni kwa siku moja ya mapumziko baada ya kikao.

Mkiwa na lenzi ya wastani, miguu yenye nguvu na siku moja, nendeni Hombolo Desemba au Januari, baada ya mvua za kwanza kuamsha majani na kabla njia haijaharibika. Kama mmoja wenu anataka picha za karibu za maua madogo, hapa hapana mpinzani. Kama mmoja wenu hawezi kuvumilia jua, pana wapinzani wengi.

Mkitaka rangi kubwa, picha za nyinyi wawili pia ziwemo, na mna wikiendi nzima, Singida mwishoni mwa Februari au Machi. Alizeti zitakuwepo. Heroe ni majaliwa, kwa hiyo asiende mtu ambaye bila heroe safari yake imeharibika.

Ruaha ni ya wale ambao ndege ndio shabaha kuu, wana lenzi ndefu na wamejiwekea akiba. Nendeni Januari hadi Machi kwa ndege na kijani. Kama mwenzako anapenda zaidi simba na tembo, kiangazi kuanzia katikati ya Mei kinamfaa, ila maua atayakosa. Maadhimisho ya ndoa yanastahili safari hii. Kwa wachumba ambao hawajawahi kusafiri pamoja ningeshauri Mtera kwanza, kwenda na kurudi siku moja.

Na mkiwa na wikiendi moja tu, hamjakubaliana, na mvua inatishia, fanyeni hivi: Ijumaa jioni mbuyu wa mjini, Jumamosi alfajiri Hombolo kama hakujanyesha usiku, na kama kumenyesha, rudini bustanini saa mbili asubuhi. Ndege hutoka kujikausha mvua inapokatika, na maua huwa bado yana matone.